Simba, Tembo na Uso wa Mfalme

Mwenye sarafu ya shilingi 200 mfukoni aitoe tuitazame, wanangu. Upande mmoja yuko Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar. Igeuzeni: simba. Kichwa cha mtu huku, mnyama wa porini kule, na namba ya kutaja thamani. Mtindo huu haukuanzia Dar es Salaam wala Zanzibar. Una zaidi ya miaka 2,300, na waliouvumisha ni wafalme waliozungumza Kigiriki, waliogonga sarafu zao kwa madini ya fedha kuanzia Makedonia hadi Misri na mpaka ukingoni mwa India. Leo nawasimulia habari zao, na nitawafikisha mpaka Usukuma, maana habari hizo hazikuishia huko kwao.

Tuanze na mizani, kitu ambacho mtoto wa Simiyu hahitaji kufundishwa. Msimu wa pamba ukifunguliwa, iwe Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu au Busega, mkulima akifika AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na mzigo wake, macho yake yote yako kwenye mizani. Anajua kwamba kazi ya miezi mingi, palizi na kupulizia dawa, inaweza kupunjwa pale pale kwa kilo mbili tatu. Sasa wazieni dunia ambayo hata malipo yenyewe yanapitia mizani. Ndivyo ilivyokuwa zamani kule Babeli: ukiuza shayiri ulilipwa vipande vya fedha vilivyokatwakatwa, na kila kipande kilipimwa. Muuzaji ana mizani yake, mnunuzi ana yake, na ugomvi hauishi. Sarafu ilikuja kuumaliza ugomvi huo. Mtawala anapima fedha mara moja, anaigonga muhuri wake, na kuanzia hapo muhuri ndio unaosema: nimeshapima mimi, pokea.

Kwetu thamani ilisafiri kwa njia nyingine. Warongo, wahunzi wa upande wa Geita, walifua majembe yaliyozunguka Usukuma na Unyamwezi yakibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na misafara ya Wasukuma ilikwenda mpaka Ziwa Eyasi kufuata chumvi. Jembe lilikuwa zana na lilikuwa akiba. Wagiriki nao walianza na chuma. Walitumia vijiti vya chuma vya kuchomea nyama, mishikaki hasa, na sita kati yake vilijaza kiganja cha mtu mzima. Vijiti vya namna hiyo vilichimbuliwa kwenye hekalu la mungu wao Hera, karibu na mji wa Argos. Walipohamia kwenye fedha, ile hesabu ya sita ikabaki: oboli 6 kwa drakma 1. Sarafu kubwa iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya drakma 4, yenye uzito wa gramu 17 na kidogo. Hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Kwa nini fedha? Haili kutu kama jembe. Ni laini ya kutosha kupokea muhuri, ngumu ya kutosha kuutunza. Ni adimu, ila si adimu kama dhahabu hata mtu wa kawaida asiishike. Na ilipatikana kwa jasho la watu wasiokuwa na hiari: machimbo ya Laurion, yaliyoutajirisha mji wa Athens, yalichimbwa na watumwa waliotambaa kwenye mashimo membamba wakiwa na taa za mafuta. Habari hiyo msiisahau mnapoziona sarafu za Wagiriki ziking'aa kwenye picha za vitabu.

Basi mwaka 336 KK kijana wa miaka 20 alirithi ufalme wa Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki. Jina lake Alexander. Baba yake, Philip, alimwachia jeshi kali, machimbo ya dhahabu na fedha, na madeni. Miaka miwili baadaye kijana akavuka bahari kwenda kuivamia Uajemi, dola iliyokuwa kubwa kuliko zote za upande ule wa dunia. Wafalme wa Uajemi walikuwa wamekusanya kodi vizazi na vizazi na kuifungia ghalani. Alexander alipouteka mji wao wa Persepolis, anasema mwandishi wa kale Plutarch, mali iliyokuwamo ilihitaji jozi 10,000 za baghala na ngamia 5,000 kuibeba. (Baghala ni mtoto wa punda na farasi, msimchanganye na nyumbu wetu wa Serengeti.) Waandishi wa vita hupenda kukuza mambo, lakini hata ukiikata hesabu ile nusu kwa nusu, bado umebaki na mlima wa fedha.

Mlima huo ulikuwa umelala. Alexander akauamsha. Alikuwa na askari maelfu kwa maelfu wanaodai ujira, karibu drakma moja kwa siku kwa mtu. Akafungua viwanda vya kugongea sarafu katika miji mingi, Amphipolis kule kwao, Tarsus, Sidon, mpaka Babeli, na vyote vikagonga sarafu ya aina moja yenye uzito mmoja. Vikombe, sahani na vipande vya fedha vilivyokaa gizani vikayeyushwa na kuingia mikononi mwa askari, kutoka kwa askari vikaenda kwa muuza mvinyo, kwa fundi viatu, kwa mwenye ng'ombe. Mimi naona hili ni tendo kubwa kuliko nusu ya vita alivyopigana, ingawa vitabu hupenda zaidi vita.

Sogeeni tuitazame moja. Mbele yuko kijana asiye na ndevu, amejivika ngozi ya kichwa cha simba. Meno ya juu ya simba yamekaa juu ya paji la uso wake, manyoya ya shingo yanashuka nyuma ya sikio, na miguu ya mbele ya ile ngozi imefungwa fundo chini ya kidevu. Huyo ni Herakles, shujaa wa hadithi za Wagiriki, aliyemuua simba wa Nemea ambaye ngozi yake haikupenyeka kwa mkuki. Nyuma ameketi Zeus, mkuu wa miungu yao, tai mkononi na fimbo ya enzi, na kando yake limeandikwa jina la Alexander. Hakuna mtoto wa Meatu anayehitaji kusoma Kigiriki ili aupate ujumbe. Sisi tunaopakana na Pori la Akiba la Maswa na mbuga ya Serengeti tunamjua simba. Anayevaa ngozi yake, amemshinda.

Sasa kiwandani. Fundi aliyeyusha fedha, akatengeneza visahani vinene, akavipima kimoja kimoja. Kwenye fuawe alipachika muhuri uliochongwa uso wa Herakles kinyumenyume, umezama ndani, ili kwenye sarafu uso utokeze nje. Muhuri wa Zeus ulichongwa kwenye ncha ya kipande kingine cha chuma kilichoshikwa mkononi. Kisahani kinawekwa katikati kwa koleo, nyundo inashuka, pigo moja au mawili, kinachofuata. Kwa kuwa ni kazi ya mkono, huwezi kupata mbili zinazofanana sawasawa. Kuna ambazo muhuri ulikwenda upande na Zeus akakosa kichwa. Kuna zenye kovu la patasi katikati ya uso, na kovu hilo lina maana yake: walaghai walikuwa wakichukua kipande cha shaba na kukivika ngozi nyembamba ya fedha, kwa hiyo mfanyabiashara mwenye mashaka aliikata sarafu kidogo aone ndani. Muhuri wa mfalme ulikuwa unaheshimiwa, lakini mtu wa sokoni alitaka kuona mwenyewe.

Alexander alikufa Babeli mwaka 323 KK, hajatimiza miaka 33. Hakuacha mrithi mwenye umri wa kutawala. Majemadari wake wakaigombea dola ile miaka na miaka, na mmoja baada ya mwingine akajitwalia kipande chake. Hapo ndipo inapoanza enzi ambayo wanahistoria huiita ya Kihelenisti, iliyodumu mpaka mwaka 30 KK, na hapo ndipo sarafu zinapoanza kusema mambo mapya.

Kwanza waliendelea kugonga zile zile za Alexander, kwa jina lake, ingawa mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa. Watu walishazizoea, na kuna miji iliyoendelea kufanya hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Kisha Lysimachus, aliyetawala Thrace, akaweka sura ya Alexander mwenyewe yenye pembe ya kondoo dume juu ya sikio, kumfanya mwana wa mungu Amoni. Seleucus, aliyechukua Babeli na nchi za mashariki, alipata tembo 500 kutoka kwa mfalme Chandragupta wa India, naye akawaweka tembo kwenye fedha yake wakivuta gari la vita. Na Ptolemy, aliyejichukulia Misri, alimchora Alexander akiwa amevaa ngozi ya kichwa cha tembo badala ya simba: mkonga umenyanyuka juu ya paji la uso, na pembe inatokeza kando yake.

Huyu Ptolemy ndiye nataka mmkumbuke. Mwaka 305 KK hivi alijitangaza mfalme, kisha akafanya jambo ambalo Wagiriki walikuwa wakiwaachia miungu na mashujaa wa kale. Aliweka uso wake mwenyewe kwenye sarafu, yungali hai. Wala hakuwa mzuri. Kidevu kimechomoza mbele, macho makubwa yamezama, pua nzito, nywele zimevurugika. Fundi hakumpamba. Mkulima wa ngano ukingoni mwa Nile, ambaye asingefika Alexandria maisha yake yote, sasa aliujua uso wa anayemtawala kuliko alivyoujua uso wa mkwewe wa kijiji cha pili. Watoto na wajukuu wa Ptolemy waliendelea kuugonga uso ule kwenye fedha yao hata mpaka zama za Cleopatra, miaka zaidi ya 250.

Halafu akabuni ujanja. Sarafu yake ya drakma 4 aliipunguza uzito kutoka gramu 17 mpaka karibu 14, na akaamuru kwamba ndani ya Misri hakuna fedha nyingine inayopokelewa ila ya kwake. Mfanyabiashara akishuka bandarini Alexandria na sarafu nzito za kwao, anazitoa, anapewa nyepesi za Ptolemy. Tofauti inabaki kwa mfalme. Tunayo barua ya mwaka 258 KK, imeandikwa kwenye mafunjo, ambamo Demetrios, aliyehusika na ugongaji wa sarafu, anamweleza Apollonios, mkuu wa fedha wa mfalme, kwamba wageni wamekasirika: dhahabu waliyoileta imekaa bure kwa kuwa haibadilishwi na haitumiki. Walilalamika, lakini mtu aliyetaka ngano ya Misri angefanya nini? Alibadilisha.

Na Afrika haikuwa pembeni ya habari hizi. Warithi wa Ptolemy walihitaji tembo wa vita, na njia ya kwenda India ilikuwa mikononi mwa watu wa Seleucus. Kwa hiyo wakatuma wawindaji kusini kwa njia ya Bahari ya Shamu, wakajenga vituo pwani, kimojawapo wakakiita Ptolemais ya Mawindo. Mwaka 217 KK, kwenye vita vya Raphia karibu na Gaza, tembo 73 wa Afrika walisimamishwa mbele ya 102 wa India. Mwandishi Polybius anasema wengi wa tembo wetu walikataa kusogea kwa hofu ya harufu na milio ya wenzao. Ptolemy wa nne alishinda vita hata hivyo, kwa askari wa miguu.

Je, fedha hizo zilishuka mpaka kwetu? Zaidi ya miaka 100 iliyopita baharia mmoja, Kapteni Haywood, alisema amepata sarafu nyingi za kale huko Bur Gao, kusini mwa Somalia, na miongoni mwake zimo za akina Ptolemy. Lakini hakuandika vizuri zilikuwa wapi, kina gani, pamoja na nini, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama zilifika pwani yetu zama zile au zililetwa baadaye na mtu aliyependa kukusanya. Tofautisheni na Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 watafiti walichimbua pale zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo kama ukucha, pamoja na dinari chache za dhahabu, wakaandika kila kitu. Kwa hiyo tunajua kwa hakika kwamba karibu miaka 1,000 iliyopita watawala Waislamu wa visiwa vyetu waligonga fedha yao wenyewe. Hao hawakuweka uso wowote. Waliweka maneno ya Kiarabu: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili kumtegemea Mungu, na pande mbili zile zina vina kama shairi. Wafalme wa Ugiriki walitaka uwaone. Hawa walitaka usome. Mwanangu mmoja akiokota kitu cha namna hiyo shambani, asikisugue wala kukipeleka kwa sonara. Akiache palepale, awaite wakubwa.

Usukuma uso wa mfalme uliingia na Wajerumani. Kuanzia mwaka 1890 kampuni yao ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha yenye gramu 11.66, uzito ule ule wa rupia ya India ambayo wafanyabiashara wa pwani walishaizoea. Mbele yuko Kaizari Wilhelm II na masharubu yake, kofia ya chuma kichwani, na juu ya kofia tai aliyekunjua mbawa. Nyuma, simba mbele ya mtende. Mwoneni Herakles amerudi, safari hii simba amehamia upande wa pili, na jina la mfalme limeandikwa kwa Kilatini.

Nani Usukuma alikuwa na haja na rupia? Mtu alikuwa na ng'ombe, mtama, majembe na chumvi yake. Haja ile ilitengenezwa. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na ingawa mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, kufikia 1905 ilidaiwa rupia 3 taslimu. Ng'ombe hakukubaliwa. Kwa hiyo vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi wakafunga safari za miguu mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga na ujenzi wa reli, kwenda kuutafuta uso wa mtu waliyekuwa hawajamwona, wakaulete nyumbani, wamrudishie karani wake. Ptolemy angeuelewa mpango huo bila kutafsiriwa. Kinachonisikitisha ni kwamba vitabu vingi huandika "fedha ilienea" kana kwamba ilikuja na mvua.

Vita Vikuu vya kwanza vilipofunga bahari, meli za sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli pale Tabora, Wajerumani waligonga sarafu zao wenyewe: sarafu ndogo za shaba zilizoitwa heller, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka Sekenke, mkoani Singida, kusini mwa Meatu. Kwenye ile ya dhahabu yupo tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima Kilimanjaro. Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikasimama.

Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Mfalme George V amevaa taji upande mmoja, simba amesimama mbele ya milima upande wa pili. Fedha iliyokuwamo ilikuwa robo tu ya sarafu, na baada ya Vita vya Pili hata robo ile ikaondolewa. Hizo ndizo shilingi walizolipwa babu na bibi zenu kwa pamba, na malalamiko yao hayakuwa juu ya sarafu, yalikuwa juu ya mizani ya mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walidai wapimaji wao wenyewe wakae pale pamba inaponunuliwa. Kijana mmoja wa Mwanza, Paul Bomani, akawaunganisha katika vyama vya ushirika, na kufikia 1955 umoja wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ukasimama. Baada ya uhuru Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Mwaka 1965 Tanzania, Kenya na Uganda zilitangaza kwamba kila nchi itatoa pesa yake. Juni 14, 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa. Kwenye sarafu mpya alikuwapo Julius Nyerere, mtu wa miaka 44, yu hai kama Ptolemy alivyokuwa hai. Nyuma yake, kutegemea thamani, mkono ulioshika mwenge, sungura, mbuni, au samaki sulisuli. Ndani hamkuwa na fedha hata chembe. Mkulima wa Bariadi akaanza kulipwa pamba, na kulipa kodi, kwa sarafu ambayo amri yake imetoka Dar es Salaam, na zile shilingi za simba na milima zikarudishwa benki.